Kinda Amekomaa, Kalenda Bado

Msimu wa 2015 Kris Bryant alihesabiwa siku 171 katika kikosi cha kwanza cha Chicago Cubs. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, mwaka mzima wa utumishi ni siku 172, na mchezaji anatakiwa kujaza miaka sita ya namna hiyo kabla hajawa huru kuzungumza na timu anayoitaka. Ilipungua siku moja. Siku hiyo moja iliwapa Cubs mwaka wa saba wa kummiliki kijana ambaye, kwa yeyote aliyemtazama akipiga mpira mwezi Machi, hakuwa na mpinzani katika nafasi yake.

Na Machi hiyo alipiga kwelikweli. Katika mechi za maandalizi alifikisha homurani tisa, yaani mapigo tisa yaliyovuka uzio wa uwanja, na wastani wake wa upigaji ulikuwa .425, kwenye mchezo ambao mwenye .300 tayari anaitwa mpigaji mzuri. Mwaka uliotangulia alikuwa amepiga homurani 43 katika madaraja mawili ya juu ya ligi za chini. Tarehe 30 Machi Cubs wakampeleka Iowa, kwenye timu yao ya Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Sababu waliyoitoa ni ulinzi: bado ana ya kujifunza kwenye kituo cha tatu, nafasi aliyokuwa akiilinda uwanjani. Tarehe 17 Aprili, ghafla, mafunzo yakawa yamekamilika. Msimu ule ulikuwa na siku 183 na Bryant alikosa 12 za mwanzo. Fanya hesabu mwenyewe.

Chama cha wachezaji kilimpeleka mwajiri mbele ya msuluhishi, na mwanzoni mwa 2020 msuluhishi akasema Cubs hawakuvunja mkataba. Kwa maandishi alikuwa sahihi, kwa sababu hakuna kifungu kinachoilazimisha timu kumchezesha aliye bora kuanzia siku ya kwanza. Kufikia wakati huo Bryant alishachaguliwa chipukizi bora wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda MLB, mwaka 2015, mchezaji bora wa ligi hiyo mwaka 2016, na alishashinda World Series, fainali ya MLB, ya mwaka huohuo, taji la kwanza la Cubs baada ya miaka 108.

Kisa hiki kina kichekesho chake ambacho wanaokisimulia kwa hasira hukiruka. Kama Bryant angehesabiwa siku ile, angekuwa huru mwishoni mwa 2020: msimu uliofupishwa na korona, viwanja vitupu, wamiliki wakilia njaa, na yeye mwenyewe akiwa amepiga .206 katika mechi 34. Badala yake alibaki mwaka mmoja zaidi, akarudi kwenye kiwango, akauzwa San Francisco Giants mwishoni mwa Julai 2021, na Machi 2022 Colorado Rockies wakampa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 182. Huenda kucheleweshwa kulimfaa. Hata hivyo, aliyechukuliwa mwavuli siku ambayo mvua haikunyesha bado hana mwavuli.

Nimeanza na Bryant kwa sababu sheria iliyopo leo ilitungwa kwa kumwangalia yeye na wenzake wa aina yake. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba sheria hiyo haikuifuta hesabu ya siku. Iliihamisha tu, kutoka Aprili kwenda Agosti. Na timu iliyoisoma hesabu hiyo kwa ustadi kuliko nyingine zote, Baltimore Orioles, imetuonyesha pia kuwa mtu anaweza kuwa bingwa wa hesabu na bado akashika mkia.

Kwanza tuone kwa nini hesabu ina nguvu kiasi hiki. Mchezaji mpya wa ligi kuu hulipwa kima cha chini, au karibu nacho, kwa takriban miaka mitatu. Baada ya hapo anaingia miaka mitatu ya kubishania mshahara wake kila mwaka, na wakishindwa kuelewana na timu, wanaenda kwa msuluhishi. Ndipo anakuwa huru. Mwaka ambao timu inaununua kwa kumchelewesha ni ule wa mwisho, si wa kwanza: inatoa wiki mbili za kijana wa miaka 22 asiye na uzoefu, inapata mwaka mzima wa mwanamume wa miaka 28 au 29 aliye kwenye kilele cha nguvu zake. Meneja mkuu anayekataa biashara hiyo inabidi aeleze kwa mmiliki kwa nini amekataa. Ndiyo maana karibu wote waliifanya, wakiwemo wale tunaowaita waungwana.

Walichoshindwa kufanya ni kuisema. Ilibidi kila mara atafutwe mdudu kwenye ulinzi wa kijana, au kwenye kukimbia kwake kati ya vituo, au "awamu inayofuata ya maendeleo yake". Februari 2021 rais wa Seattle Mariners, Kevin Mather, akihutubia klabu moja ya Rotary kwa njia ya video, aliyaweka mezani yote: makinda wao wasingeonekana uwanjani mwaka 2020 kwa sababu timu haikutaka kuianzisha saa yao ya utumishi, na Jarred Kelenic, aliyekuwa amekataa mkataba mrefu waliompa, asingeanza msimu na kikosi cha kwanza. Humohumo akaongeza maneno ya dharau juu ya Kiingereza cha wachezaji wa kigeni, akiwemo kijana wa Jamhuri ya Dominika aitwaye Julio Rodríguez. Siku chache baadaye hakuwa rais tena. Maneno ya dharau yalistahili adhabu hiyo, sina ubishi. Lakini kuhusu kalenda, Mather alikuwa amesema tu kile ambacho ofisi nyingi zilikuwa zikifanya huku zimefunga mlango.

Kelenic alipandishwa tarehe 13 Mei 2021, akamaliza msimu na wastani wa .181. Naliweka hilo hapa mapema, kwa sababu wanaotetea timu wana hoja ya kweli mkononi na hatuna haki ya kujifanya hatuioni: wapo makinda ambao hawajaiva, na hakuna mtu, awe kocha au kompyuta, anayejua kwa uhakika nani ameiva mpaka arushiwe mpira na warushaji wa ligi kuu.

Machi 2022, baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji milango kwa siku 99, pande mbili zilitia saini mkataba mpya wenye dawa ya ugonjwa huu. Dawa yenyewe ina sehemu mbili. Kinda akimaliza wa kwanza au wa pili katika kura ya chipukizi bora wa ligi yake, anapewa mwaka mzima wa utumishi hata kama alipandishwa Mei. Na timu ikimweka kikosini tangu mwanzo wa msimu kinda aliyemo kwenye orodha za vipaji 100 bora, naye akashinda tuzo hiyo, au akaingia tatu bora ya tuzo kubwa zaidi kabla ya kufikia hatua ya kubishania mshahara, timu inapewa nafasi ya ziada kwenye drafti, ule mgawo wa kila Julai ambapo timu huchagua kwa zamu vijana kutoka shule na vyuo. Kwa lugha nyingine, ukimficha kijana unaweza kupoteza mwaka ulioutaka, na ukimchezesha unaweza kupewa kijana mwingine.

Matokeo yalikuja haraka. Julio Rodríguez yuleyule alianza msimu wa 2022 na Mariners tangu mechi ya kwanza, akashinda kura ya American League, na Seattle ikapata nafasi ya 29 kwenye drafti ya 2023. Corbin Carroll alifanya vivyo hivyo Arizona mwaka 2023. Upande wa pili wa dawa nao ulifanya kazi: Pittsburgh Pirates walimpandisha mrushaji Paul Skenes tarehe 11 Mei 2024, akawa chipukizi bora, akapewa mwaka wake mzima, Nick Kurtz wa Athletics, aliyepanda tarehe 23 Aprili 2025, naye hivyohivyo. Mtu akiniuliza kama sheria hii ni bora kuliko ile ya zamani, nitamjibu ndiyo bila kusita.

Ila ukisoma masharti yake kwa macho ya mhasibu, utaona mlango wa uani. Ili kijana apigiwe kura ya chipukizi bora mwaka fulani, awe bado ni mgeni kwenye ligi: asiwe amefikisha zaidi ya zamu 130 za kupiga wala zaidi ya siku 45 kikosini katika misimu iliyopita. Basi mwenye kinda aliyeiva mwezi Juni ana chaguo. Anaweza kumpandisha Juni, kijana akawasaidia wenzake kwa nusu msimu, na ugeni wake ukaisha. Au anaweza kumbakiza Triple-A hadi katikati ya Agosti, akampandisha zikiwa zimebaki siku zisizofika 45, akaonja ligi, kisha akaanza mwaka unaofuata akiwa bado mgeni kisheria, na tiketi ya bahati nasibu ya drafti ikiwa mfukoni mwa timu. Zamani ilikuwa siku 12 za Aprili. Sasa ni Juni nzima, Julai nzima na nusu ya Agosti.

Twende Baltimore, ambako haya yameonekana kwa uwazi kuliko popote.

Mike Elias alichukua umeneja mkuu wa Orioles Novemba 2018, akitokea Houston. Timu aliyoikuta ilikuwa imetoka kupoteza mechi 115 katika msimu mmoja. Hakujaribu kuizuia isianguke. Mwaka 2019 ilipoteza 108, mwaka 2021 ikapoteza 110, na kila anguko lilileta nafasi ya juu kwenye drafti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Orioles waliinama mpaka mashabiki wakaumwa mgongo. Lakini kilichokuwa mvunguni kilikuwa dhahabu: Adley Rutschman, mdakaji, chaguo la kwanza la 2019, Gunnar Henderson, aliyepatikana raundi ya pili mwaka huohuo, chaguo la 42, Colton Cowser mwaka 2021, Jackson Holliday, chaguo la kwanza la 2022. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyekuwa na ligi ya chini iliyojaa vipaji kama yao.

Rutschman alipanda tarehe 21 Mei 2022. Kwa haki, aliumia mkono wakati wa maandalizi, kwa hiyo kuchelewa kwake si hesabu tupu. Tazama kilichotokea: kabla yake timu ilikuwa na ushindi 16 na vipigo 24, kuanzia siku aliyoingia ikashinda 67 na kupoteza 55. Mdakaji mmoja hawezi kuleta yote hayo peke yake, lakini mdakaji ndiye anayeongoza warushaji, na warushaji wa Orioles walianza kuonekana watu wengine. Alimaliza wa pili nyuma ya Rodríguez kwenye kura, na sheria mpya ikampa mwaka mzima.

Sasa Henderson. Kiangazi hicho cha 2022 alikuwa akiwatesa warushaji wa Triple-A, na timu kubwa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, ilikuwa kwenye mbio za kuwania hatua ya mtoano. Kituo cha tatu kilikuwa na Ramón Urías, ambaye mwaka ule alishinda tuzo ya ulinzi ya Gold Glove, kwa hiyo huko hapakuwa na tatizo. Kituo cha pili kilikuwa na Rougned Odor, aliyemaliza msimu na wastani wa .207. Mwanzoni mwa Agosti, Elias akamuuza Trey Mancini, mpendwa wa mashabiki aliyerudi uwanjani baada ya kuugua saratani, na siku iliyofuata akamuuza Jorge López, mrushaji wao wa kumalizia mechi. Henderson akabaki Triple-A. Alipandishwa tarehe 31 Agosti, na mechi yake ya kwanza, kule Cleveland, akapiga homurani huku kofia ikimtoka kichwani.

Hadi msimu unakwisha alikuwa amepata zamu 116 za kupiga. Kikomo ni 130. Mwaka uliofuata alishinda kura ya chipukizi bora bila mpinzani, na Orioles wakazawadiwa nafasi ya 32 kwenye drafti ya 2024. Na msimu wa 2022 waliumaliza na ushindi 83, mechi tatu nyuma ya Tampa Bay Rays walioichukua nafasi ya mwisho ya mtoano.

Je, Henderson mwezi mmoja mapema angeleta mechi tatu? Mchezaji mmoja kwa mwezi mmoja ni vigumu sana kuleta mechi tatu, na nisingeweka pesa yangu hapo. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hiyo. Timu iliyokuwa imewaomba watu wake wavumilie vipigo 333 katika misimu mitatu kamili, mara tu ilipopata nafasi ya kuwalipa, iliamua kwamba mwaka huo haukuwa katika ratiba. Uamuzi huo ulitetewa kwa takwimu nzuri. Nadhani ulikuwa na makosa, na nadhani kosa lenyewe ni la kihasibu: kwenye daftari la Orioles nafasi ya drafti ina bei, miaka ya kummiliki Henderson ina bei, lakini Septemba ya mbio za mtoano kwa mji uliosubiri hivyo haina safu ya kuandikiwa.

Mwaka 2023 walishinda mechi 101, wakafagiwa na Texas Rangers katika mechi tatu. Mwaka 2024 walishinda 91, wakafagiwa na Kansas City Royals katika mbili. Mwaka 2025 walishinda 75, wakashika mkia wa kundi lao, na kocha Brandon Hyde alishafukuzwa tangu Mei.

Katikati ya hayo kuna kisa cha Holliday, na hiki ndicho kinachonizuia nisiwe mkali kupita kiasi. Machi 2024 alikuwa na miaka 20, kinara wa kila orodha ya vipaji, mtoto wa Matt Holliday aliyetamba St. Louis. Orioles wakamwanzisha msimu Triple-A, na kelele zilikuwa nyingi: yaleyale ya Bryant. Ila walimpandisha tarehe 10 Aprili, na kwa kalenda ya mwaka ule bado angetimiza siku zake 172 kama angebaki. Hapakuwa na siku iliyoibwa. Kilichofuata kilikuwa kichungu kutazama. Katika zamu 34 alipata mapigo mawili tu, akatolewa kwa straiki tatu mara 18, na baada ya mechi kumi akarudishwa chini. Alirejea mwisho wa Julai na katika mechi yake ya kwanza akapiga homurani wakati vituo vyote vitatu vimejaa. Cowser kabla yake alipita njia hiyohiyo: mwaka 2023 alipiga .115 katika mechi 26, mwaka uliofuata akawa wa pili kwenye kura ya chipukizi bora.

Kwa hiyo "hajaiva" si uongo kila mara. Namna yangu ya kutofautisha ni ya kishamba lakini inanisaidia: sisikilizi maelezo, naangalia tarehe. Kinda anayepandishwa siku ambayo haina maana yoyote kwenye mkataba, kama Holliday, huenda kweli alikuwa akifundishwa. Kinda anayepandishwa siku moja baada ya mstari, au siku moja kabla yake, alikuwa akihesabiwa. Agosti 2025 Orioles walimpandisha Dylan Beavers tarehe 16 na Samuel Basallo tarehe 17. Msimu ulikwisha tarehe 28 Septemba. Hiyo ni siku 44 kwa mmoja na 43 kwa mwingine. Kikomo, kumbuka, ni 45.

Safari hii, nikiri, hasara ya uwanjani ilikuwa ndogo: timu ilishatoka kwenye mbio, hakuna Septemba iliyopotea. Na siku chache baadaye Basallo alipewa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 67, wa kwanza wa aina hiyo kwa kinda yeyote katika utawala wa Elias. Mkataba kama huo unafuta ugomvi wa kalenda kwa kuununua. Milwaukee walifanya hivyo kwa Jackson Chourio Desemba 2023, milioni 82 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Boston walifanya hivyo kwa Roman Anthony Agosti 2025, milioni 130. Kijana anapata usalama, timu inapata miaka, na hakuna anayelazimika kusema uongo juu ya ulinzi wa mtu. Kama Orioles wangefanya hivyo na Henderson au Rutschman mwaka 2022, wangekuwa na wasiwasi mdogo leo.

Kilichowaangusha mwaka 2025, hata hivyo, hakikuwa tarehe za kupandisha makinda. Kilikuwa ni aina ya makinda. Chaguo la kwanza la Elias katika kila drafti kuanzia 2019 hadi 2024 lilikuwa mchezaji wa uwanjani, si mrushaji hata mmoja. Mantiki yake naielewa: mkono wa mrushaji hukatika, na chaguo la juu likienda kwenye upasuaji wa kiwiko limekwenda. Unakuza wapigaji, kisha unabadilishana baadhi yao kwa warushaji waliokwishakomaa. Walifanya hivyo, kwa mfano, Februari 2024 walipomchukua Corbin Burnes kutoka Milwaukee. Alirusha vizuri mwaka mmoja, akaondoka kwenda Arizona kwa dola milioni 210. Kyle Bradish alipasuliwa kiwiko, Grayson Rodriguez hakucheza mechi hata moja mwaka 2025, na pengo likazibwa na maveterani wa mkataba wa mwaka mmoja. Kyle Gibson alianzishwa mara nne, wastani wake wa kuruhusu alama ukafika 16.78, akaachwa. Unaweza kuwa na safu ya wapigaji waliopikwa kwa subira yote duniani. Mpira bado lazima urushwe na mtu.

Na hapa ndipo subira ya kihasibu inapogeuka mtego. Kumchelewesha kijana ili umpate mwaka wa saba kunadhani kwamba mwaka wa saba utakukuta na timu ya kushinda. Orioles walilinda miaka ya 2028 na kuendelea kwa uangalifu mkubwa, wakaicheza 2024 na 2025, miaka ambayo vijana wao wote walikuwa pamoja na bado hawajawa ghali, bila kununua warushaji wa kutosha. Miaka waliyoihifadhi itakuja na bei tofauti kabisa.

Kwa kijana mwenyewe siku hizi zina uzito mwingine. Mkataba wa kwanza wa chama kwa wachezaji wa ligi za chini, wa 2023, uliupandisha mshahara wa Triple-A hadi dola 35,800 kwa mwaka, na hilo lilisherehekewa, kwa sababu huko nyuma wengi walikuwa wakiishi kwa kulala sita kwenye nyumba moja. Mwaka huohuo kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 720,000. Gawanya kwa siku za msimu: siku kumi tu juu zinazidi mwaka mzima chini. Bryant alikuwa amelipwa dola milioni 6.7 siku aliposajiliwa, wiki mbili za Iowa hazikumlaza njaa. Aliyesajiliwa kwa bei ndogo hana mto huo wa kulalia.

Kundi hilo la mwisho lina watu wa kwetu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pirates mwaka 2008 na akapandishwa tarehe 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kucheza ligi kuu. Zamu yake ya kwanza alimpiga Jon Lester pigo safi la kituo kimoja. Uganda, ambayo watoto wake wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport mwaka 2012, iliwatoa Ben Serunkuma na Umar Male waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Kwa vijana kama hawa hakuna meneja anayepoteza usingizi akihesabu siku 172. Kalenda inayowahusu ni ile ya kuachwa: lini timu itaona kitanda chao kinafaa kupewa mwingine. Mjadala wa Bryant, kwa uchungu wake wote, ni mjadala wa waliobahatika.

Mkataba wa sasa kati ya wamiliki na wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026, na suala hili litarudi mezani. Mwaka 2021 wamiliki walipendekeza uhuru uje kwa umri, miaka 29 na nusu, badala ya siku za utumishi. Ukilitazama kwa haraka ni pendekezo zuri: hakuna faida ya kumficha mtu kama saa yake ni cheti cha kuzaliwa. Lakini linamwadhibu aliyekomaa mapema. Juan Soto aliingia ligi kuu Mei 2018 akiwa na miaka 19, akawa huru akiwa na 26, na Desemba 2024 akasaini na New York Mets kwa dola milioni 765. Kwa kanuni ya umri angesubiri miaka mitatu zaidi akibishana na wasuluhishi. Anayefaidika ni aliyetoka chuo kikuu akachelewa kuiva. Anayeumia, mara nyingi, ni mtoto wa Santo Domingo aliyesajiliwa na miaka 16.

Mimi ningeacha utaratibu wa siku ulivyo na kuugusa mahali pawili. Kwanza, mwaka uhesabiwe kwa siku 100 badala ya 172. Leo kumchelewesha kinda kunaigharimu timu wiki mbili. Kwa siku 100 kungeigharimu karibu nusu ya msimu, na mashabiki hawanyamazi nusu ya msimu. Pili, zawadi ya drafti isifungwe kwenye ugeni wa kisheria wa mchezaji. Ihesabiwe tangu siku anayopanda, iwe Juni au Agosti, ili anayempandisha Juni katikati ya mbio asipoteze kitu kwa anayesubiri. Wamiliki watapinga la kwanza kwa nguvu zote, la pili huenda wakalikubali. Ningeanza na la kwanza. Kwa siku 100, Cubs wangelazimika kumweka Bryant Iowa mpaka mwisho wa Juni 2015, akiendelea kupiga homurani kila wiki huku Wrigley Field nzima, uwanja wa Cubs, ikisoma matokeo, na simwoni meneja mkuu ambaye angethubutu.